Kuku wa Mè Malerato

Jumapili ile Champlin

Mama Shiko, nawe Baba Shiko, na nyote mliokuwa mezani siku theluji ya kwanza ilipoanguka huku Amerika, niwieni radhi. Najua nilichofanya. Pilau ilikuwa imepakuliwa, sala imeshaombwa, kijiko kiko mkononi. Nikatazama dirishani, nikaona vipande vyeupe vinaanza kushuka juu ya ua. Nikasimama, nikachukua koti na funguo za gari, nikatoka bila kuaga mtu. Nilimsikia Mama Shiko nyuma yangu akiita, "Ai, Tabitha! Hata hujaonja! Kwani una shift leo?" Na Shiko akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba labda anti hapendi pilau.

Anti anapenda pilau. Ningeweza kuimaliza sufuria ile peke yangu.

Tangu siku hiyo simu yangu imelia sana. Wengine mmekasirika, na haki mnayo. Wengine mmesema ni msiba tu, nipewe muda. Kila mliponiuliza safari ya Julai ilikwendaje nimejibu "nilichelewa," kisha nikauliza habari za watoto wenu. Leo nitaandika yote, kwa kuwa kuyasema kwa mdomo kumenishinda. Mambo ya tiketi na viza nayaruka. Kila mmoja wenu ameyapitia, na hakuna aliyewahi kuburudika nayo.

Kaka yangu Zakaria mnamfahamu kwa barua zake, maana nilikuwa nawasomea. Alifundisha jiografia Lesotho kwa miaka kumi na moja, katika shule ya sekondari huko milimani. Ni nchi ndogo isiyo na bahari, imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, na yote ni milima. Zakaria aliandika kwamba hata pale chini kabisa mtu wa Tanga angepaita mlimani. Aliandika kuhusu mvua inayochimba makorongo mashambani, na jinsi udongo wa nchi ile unavyovuka mpaka kila mwaka bila pasi wala kuulizwa swali. Baba Shiko alicheka sana siku ile. Sisi kwetu ni Lushoto, milimani pia, na nadhani ndiyo sababu alikaa kule muda wote huo. Alikuwa ndugu yangu pekee aliyebaki.

Golden Valley hadi Johannesburg

Simu ilinikuta kazini, kwenye nyumba ya wazee pale Golden Valley, nikiwa nimeshika sandwichi kwa mkono mmoja na chati ya mgonjwa kwa mwingine. Mnajua tunavyokula huku. Kwa miaka mitano sikumbuki kukaa chini kula siku ya kazi. Nimekula nikiwa nimesimama, nimekula garini kwenye taa nyekundu, nimekula chooni ili msimamizi asinione.

Aliyepiga ni Mwalimu Wekesa, Mkenya aliyefundisha pamoja na kaka. Alikuwa ameshuka mpaka mji wa bondeni kutafuta simu.

"Dada, Zakaria amelemewa," alisema. "Ni kifua. Daktari amekuja mara mbili na sasa hasemi mengi. Mwenyewe anakuita wewe. Utafika lini?"

Nikapiga hesabu ya siku. "Alhamisi nitakuwa chini ya mlima. Ijumaa nitakuwa hapo."

"Sawa. Sasa sikiliza vizuri. Kuna lori la duka linapanda huku kila Ijumaa asubuhi. Dereva anaitwa Sello. Hakuna gari lingine la maana. Usilikose, dada. Nitamwambia Zakaria Ijumaa."

Niliondoka Jumatatu. Minneapolis ilikuwa na joto la kuchemsha lami, na wenzangu kazini waliniambia nisibebe nguo nzito, naenda Afrika. Mimi mtoto wa Lushoto najua Julai ni baridi, lakini baridi niliyoijua ni ya sweta. Nikabeba sweta na koti jepesi. Lile koti langu kubwa, ambalo mnanitania kwamba naweza kulala ndani yake, nililiacha limening'inia kabatini.

Amsterdam ndege iliyofuata ilikuwa na ubovu. Tulikaa kwa saa kumi na moja. Mzungu mmoja mzee aliyekuwa akienda kutazama wanyama alikasirika mpaka akawa mwekundu, akaniuliza mbona mimi nimetulia. Sikuwa nimetulia. Nilikuwa nahesabu: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye lori la Ijumaa.

Johannesburg kila mtu alinisemesha lugha asiyotaka kuamini siijui. Mama mmoja muuza machungwa alinitazama kwa huruma nilipomjibu kwa Kiingereza, akamwambia mwenzake jambo, wakatikisa vichwa. Sikujua kama wananisikitikia au wananisema. Pengine yote mawili.

Basi la wachimba migodi

Basi la kwenda Lesotho lilijaa wanaume waliotoka migodini likizo. Kila mmoja alikuwa na blanketi zito la sufu begani, limefungwa kwa pini kubwa, na kila mmoja alikuwa na redio, godoro au beseni. Nilikaa karibu na mmoja aliyejitambulisha kuwa Ntate Mohapi. Ntate ni baba kwao, na ni bwana pia. Mwanamke ni mè, yaani mama, hata kama hajazaa. Alikohoa njia nzima, kikohozi nilichokijua kazini.

Tulisimama kwa saa tatu kwa sababu ya tairi. Ntate Mohapi alininunulia makoenya, ni maandazi yao, yamekaangwa yakaiva kupita kiasi. Nikayala nimesimama kando ya barabara, natazama saa.

"Kwa nini hukai?" aliuliza.

"Nina haraka."

Akacheka kwa upole. "Ukikaa, tairi haitachelewa zaidi, mè."

Nilimchukia kidogo kwa maneno yale. Sasa nayakumbuka kuliko mengi niliyoyasikia katika safari hiyo, kwa sababu yalinipata. Nilijiona jinsi nilivyo: mtu mzima aliyesahau kukaa.

Tulivuka mto wa mpakani Jumatano jioni. Alhamisi nilipata basi la kwenda juu, na hapo ndipo barua za Zakaria zilipoanza kuwa nchi. Mashamba yalikuwa ya kijivu, yamechanwa na makorongo marefu yenye kuta nyekundu, mengine yamefika mpaka ukingo wa barabara. Miti ni michache, mierebi kando ya vijito na mipichi isiyo na jani. Vijiji ni nyumba za mawe za duara zenye paa za nyasi, zimekaa juu ya miinuko kana kwamba zimepanda kutazama nani anakuja. Watu wanapikia samadi iliyokaushwa, maana kuni hakuna, na moshi wake una harufu tamu kidogo. Kila baada ya mlima kulikuwa na mlima mwingine nyuma yake.

Basi liliishia kwenye kijiji kilicho chini ya njia ya mlimani, Alhamisi alasiri. Nilikuwa nimeshinda ndege mbovu, tairi na mpaka. Nilikuwa na usiku mzima mkononi, na lori lilikuwa pale pale, limeegeshwa mbele ya duka, linapakiwa unga. Nilikwenda kuligusa kwa kiganja. Dereva Sello, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, aliniambia tutaondoka asubuhi akimaliza kupakia, na tukiwa na bahati tutafika alasiri.

Nyumba ya Mè Malerato

Walinipeleka kulala kwa Mè Malerato, mjane anayepokea wasafiri wa milimani. Alikuwa amefanya kazi za jikoni Afrika Kusini, hivyo Kiingereza alikijua. Aliposikia mimi ni dada wa Mwalimu Zakaria, alinishika mikono yote miwili akaniingiza ndani.

"Mwalimu hulala hapa kila akishuka," alisema. "Kiti kile ni chake. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma barua za mwanangu. Leo nyumba yangu imepata dada yake!"

Nililala usingizi mzito chini ya mablanketi mawili. Asubuhi nilipotoka chumbani, yeye alikuwa amesimama mlangoni ameshika kuku. Kuku mmoja wa kahawia, mzee, ametulia kwapani mwake.

Hapa nataka mnielewe. Kwetu chakula kikipikwa kwa jina lako hukiachi. Mama yetu marehemu aliwahi kulichelewesha basi la Tanga mbele ya abiria wote kwa sababu ya kikombe cha chai alichopikiwa na mtu asiyemjua. Mimi miaka mitano nilikuwa nakula kama mwizi. Nikamwona yule mama na kuku wake, nikaona na kiti cha kaka yangu karibu na jiko, nikasema moyoni, leo nitakuwa mtu. Nikavua koti jepesi nililokuwa nalo, nikaketi.

Sello alikuja mlangoni. Alivua kofia, akasalimu "khotso," ndiyo amani yao. Akatazama sufuria iliyokuwa motoni, akamtazama Mè Malerato, kisha mimi.

"Nimemaliza kupakia, mè."

"Nipe nusu saa tu, ntate."

Aligeuka akatazama mlima. Na mimi nilitazama. Juu ya njia kulikuwa na wingu zito la kijivu, limelala chini. Lile wingu nalijua. Nimeliona majira matano ya baridi juu ya Minneapolis. Nilijua kabisa kwamba ni theluji.

Na hili ndilo linalonikosesha usingizi, maana sikuwa mjinga wa theluji. Niliijua, ila niliijua ya kwetu huku. Huku theluji ikianguka usiku, asubuhi kabla hujamaliza chai malori ya kuisukuma kando yameshapita, chumvi ya kuiyeyusha imemwagwa, watu wako kazini. Theluji kwangu ni kuchelewa dakika kumi na tano. Nilisema moyoni, ikianguka watasafisha. Sikujiuliza nani.

"Sawa, mè," alisema Sello, akavaa kofia, akaondoka.

Kuku alikuwa mzee, hakuiva upesi. Nusu saa ikapita, ikaongezeka nyingine. Mè Malerato alisonga papa, ambayo ni ugali wetu kabisa, akaweka na mboga. Tulikula taratibu, akinisimulia jinsi kaka anavyomtania kuhusu meno yake. Nilicheka. Nilikuwa na furaha, jamani. Siwezi kuwaficha hilo. Nilikuwa nikinyonya mfupa wa paja niliposikia injini ya lori, nikadhani analisogeza.

Nilipotoka nilikuta alama za matairi tu.

Baadaye Sello aliniambia alisubiri zaidi ya saa nzima. Hakupiga honi, kwa sababu kwao mtu hapigiwi honi akiwa kwenye chakula. Alifikiri nimeamua kupumzika, nitapanda na lori la wiki ijayo, ila naona haya kusema. Akaona asiniaibishe. Akapanda, akafika alasiri kama alivyosema, theluji ikimfuata nyuma.

Siku tatu

Ilianza kuanguka saa nne. Kufikia saa sita mlima haukuonekana. Nilisimama mlangoni nikisubiri gari la kusukuma. Nilimuuliza mwenye duka lini watafungua njia. Akajibu kwa heshima, "Jua likitoka."

"Na jua litatoka lini?"

"Hilo sijui, mè."

Nilijaribu kwenda kwa miguu. Nilifika kwenye kona ya kwanza, viatu vyangu vya mpira vimelowa, nikaanguka mara mbili, wanaume wawili wakanifuata wakanirudisha. Mè Malerato alinifunika blanketi lake mwenyewe, lile la kuendea kanisani, akalifunga kwa pini. Nilitetemeka mpaka jioni.

Jumamosi iliendelea kuanguka. Tulikaa karibu na jiko, tunapasha mabaki ya yule kuku. Nilikuwa nimeanza kumchukia kuku yule na mwenyewe aliyempika. Nikashindwa kujizuia.

"Mè, kwa nini ulimchinja? Ulijua nina lori."

Alichochea moto, akasema, "Nilimchinja kwa sababu uliketi, mwanangu."

"Nini?"

"Nilikuwa nampeleka nje kwenye jua. Nilikuwa nimekufungia mkate kwenye kitambaa, upo kabatini mpaka sasa, ule njiani. Wewe ukatoka, ukavua koti, ukaketi kwenye kiti cha Mwalimu. Nikasema, mgeni ameketi, ana njaa, amekuja kutoka Amerika. Nitampa mkate mkavu? Sina kuku mwingine. Nikamchinja."

"Mimi niliketi kwa sababu nilikuona umemshika," nikasema. "Nikaona unataka kunipikia. Ningewezaje kusimama?"

Tulitazamana. Alijifunika uso kwa kona ya blanketi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikumbembeleza. Sikuwa na nguvu, na niseme kweli, sikutaka. Alikwenda kabatini akatoa ule mkate, akauweka mezani kati yetu, na hakuna aliyeugusa.

Jumapili jua lilitoka. Barabara ilikuwa imezikwa kabisa na lori lilikuwa upande wa pili. Jirani mmoja, Ntate Lebona, alisema farasi wake wataweza, lakini si kabla ya Jumatatu. Nililia mbele yake bila aibu. Akasema tena, kwa upole ule ule, "Jumatatu, mè."

Juu ya farasi

Tuliondoka kulipopambazuka. Sijawahi kupanda farasi maishani. Ntate Lebona alishika kamba ya wangu, akatembea mbele akipima theluji kwa fimbo. Njia inapanda kwa kujipinda, upande mmoja ni ukuta wa mwamba mweusi, upande mwingine hakuna kitu. Chini kabisa kulikuwa na mto ulioganda kingo zake, katikati mstari mwembamba wa maji. Hakukuwa na sauti yoyote ila pumzi za farasi. Tulipita zizi la mawe lenye kondoo wamekufa wamesimama, wameegemeana. Mchungaji wao alikuwa amekaa juu ya ukuta, amejifunga blanketi, hafanyi lolote. Ntate Lebona alimsalimu, naye akajibu kwa sauti ya kawaida tu.

Upande wa pili wa mlima, theluji ilikuwa nyembamba kwenye miteremko iliyotazama jua. Niliona kuta fupi za mawe zimejengwa ndani ya makorongo, moja chini ya nyingine, na nyuma ya kila ukuta kipande cha ardhi tambarare chenye mabua ya mwaka jana.

"Hizi ni za Mwalimu," alisema Ntate Lebona. "Alitufundisha hata sisi wakubwa. Ukuta unashika udongo, maji yanapita. Pale chini palikuwa shimo la kuzamisha ng'ombe. Sasa ni shamba la mahindi."

Kaka hakuwahi kuniandikia hilo. Miaka kumi na moja ya barua, na utani wote ule wa udongo usio na pasi, hakusema kwamba alikuwa anauzuia.

Tuliiona shule alasiri. Wanawake walikuwa wanakuja kutupokea kwa safu, wamejifunga mablanketi. Kabla hawajatufikia, Ntate Lebona alisimamisha farasi na kuvua kofia. Hakuna aliyekuwa amesema neno. Nilimwambia, "Vaa kofia yako, ntate, ni baridi." Hakuivaa.

Zakaria alikuwa amefariki Jumapili asubuhi, jua lilipotoka.

Sahani

Mwalimu Wekesa alinipeleka nyumbani kwa kaka. Zakaria alikuwa amelazwa chumba cha ndani, chenye baridi. Amekonda kuliko nilivyoweza kufikiri, amenyolewa vizuri. Nilimgusa uso. Baada ya hapo nilikaa sebuleni, kwenye meza ya chakula, na Wekesa akakaa mbele yangu. Katikati ya meza kulikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani nyingine.

"Niambie," nilisema.

"Dada, acha upumzike kwanza."

"Niambie, Mwalimu."

Akapangusa macho. "Ijumaa alikuwa na nguvu, hata sisi tulishangaa. Alisema anyolewe. Akavaa shati. Tukamkalisha pale mlangoni aangalie barabara. Mke wangu akamletea ugali na mboga, akakataa. Akasema, 'Nitakula na Tabitha.' Basi tukafunika."

"Kisha lori likafika."

"Likafika. Sello akaja mpaka hapa mlangoni. Akamwambia, 'Mwalimu, dada yako amebaki kwa Mè Malerato. Alikuwa kwenye chakula, sikutaka kumsumbua.'"

"Akasemaje?"

Wekesa alinitazama kama anayetafuta namna ya kupunguza jambo, akakosa. "Alicheka, dada. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Huyo ni mtoto wa mama kweli. Nilidhani Amerika imemharibu.' Akasema, 'Mwacheni ale.' Akarudi kitandani. Lakini kula, alikataa. Kila siku mke wangu alipika kingine akafunika, na yeye akasema tuache hapo hapo, unakuja. Hiyo ni ya Jumamosi jioni."

Alipotoka nilifunua sahani. Ugali ulikuwa umekauka kingo, mboga zimeganda kwa mafuta. Baridi ilikuwa imeutunza. Niliugawa katikati kwa mkono. Nikala nusu yangu yote, tonge moja moja, nimekaa vizuri kwenye kiti. Nusu yake niliifunika.

Tulimzika Jumamosi, kama wanavyofanya kwao. Ardhi ilikuwa ngumu, wanafunzi wakubwa na baba zao waliichimba kwa mitaimbo siku mbili. Tuliporudi kutoka makaburini kulikuwa na beseni la maji mlangoni, limekatiwa vipande vya mshubiri, kila mtu ananawa kabla ya kuingia. Nilinawa. Kumbeba mpaka Lushoto hakukuwezekana, na wazee wa pale waliniambia waziwazi kwamba hata ingewezekana wangeomba abaki.

Nilishuka na lori la Sello wiki ya pili. Njiani ndipo aliponieleza jinsi alivyonisubiri. Tulipofika chini ya mlima, Mè Malerato alikuwa amesimama kando ya barabara. Sello alipunguza mwendo. Mama yule alinipitishia dirishani mkate uliofungwa kwenye kitambaa, wa moto, na hakusema karibu. Hakuniambia nishuke. Nami sikushuka. Niliukumbatia mkate ule mpaka mpakani, na kitambaa chake ninacho hapa.

Maple Grove

Basi, ndiyo hayo. Wapo watakaoniambia kwamba alikufa akiwa amefurahi, kwamba alinisifu. Mchungaji wa kanisa letu ameshaniambia. Najua alinisifu. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Angenikasirikia ningeweza kumwomba radhi. Alikaa siku mbili na njaa akijivunia tabia yangu njema, na mimi wakati huo nilikuwa nanyonya mfupa.

Mama Shiko, uliniuliza kwenye simu siku ile nilikuwa nakimbilia wapi, nami nikakata. Nilitoka kwako nikashika barabara bila kufikiri, najiambia niwahi, niwahi kabla theluji haijafunga njia. Niliendesha mpaka Maple Grove. Nikaingia kwenye uwanja wa magari wa lile duka kubwa, nikasimama katikati, watu wanapita na vitoroli vyao. Ilikuwa saa nane mchana. Malori ya kusukuma yalikuwa yameshapita, chumvi imeshamwagwa, lami inaonekana nyeusi kila upande. Barabara zote zilikuwa wazi, na sikuwa na mtu wa kumwendea.